Tupeane uzoefu: kumfundisha mwanafunzi kusema "nimevunja" badala ya "kimevunjika"

Mwalimu wa Zamu
Ndugu walimu na wazazi, katika miaka kumi na miwili ya kufundisha Kiswahili sekondari nimeona jinsi sarufi yetu inavyompa mtoto maficho. Kioo "kimevunjika", daftari "limepotea", mpini wa jembe "umekatika": mtendaji hatajwi, na anayeulizwa anaondoka msafi. Mwaka jana dirisha la kidato cha pili lilipovunjwa, sikuuliza ni nani. Nilimtaka kila mmoja aandike sentensi tatu kuhusu saa ile, kila kitenzi kikianza na kiambishi cha nafsi ya kwanza. Jioni hiyohiyo wavulana wawili waliandika ukweli. Hawakuchapwa, walipima fremu, wakaenda kwa fundi kuuliza bei, na Jumamosi wakamsaidia kuweka kioo kipya. Mmoja aliniambia kwamba fimbo ingekuwa nafuu, nami namwamini, kwa sababu kitabu cha viboko shuleni kwetu kina safu ya kosa, idadi na saini, lakini hakina safu ya kilichorekebishwa. Ninyi wenzangu hufanyaje?

Mstaafu
Nilianza kazi katika shule ya msingi mwaka 1976, wakati Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa bado na nguvu. Sera ile ilitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba la shule na kuyaona matokeo yake, ingawa shule nyingi, yangu ikiwamo, ziligeuza shamba kuwa adhabu ya wachelewaji. Msimu mmoja tulijaribu kuifuata kama ilivyoandikwa: darasa la sita walikabidhiwa nusu ekari ya maharage pamoja na daftari la hesabu, wakaamua wenyewe kwamba palizi ingesubiri hadi baada ya likizo. Walivuna debe mbili, ilhali darasa la saba, kando yao, walijaza gunia. Maharage ya mchana yakapungua kwenye sahani zao, wala hakuna mwalimu aliyewahubiria. Walipoandika taarifa yao, kiranja alisoma mbele ya mwalimu mkuu kwamba mbegu pia zilichelewa kwa wiki mbili. Mwenye dhamana ya mbegu nilikuwa mimi. Nilisimama nikakiri, miguu ikitetemeka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na msimu uliofuata orodha ya zamu za palizi waliibandika wenyewe ukutani, jina langu likiwamo.

Mwalimu wa Mvita
Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na katika shule nyingi pengo hilo limezibwa kwa kumrudisha mwanafunzi nyumbani akamlete mzazi. Matokeo yake ni kwamba mama anaacha biashara yake, analipa nauli na kuomba radhi, huku mwenye kosa akilala hadi saa nne. Siku hizi mzazi akifika, mwanafunzi ndiye anayeeleza kosa lake, mimi nikiwa nimenyamaza, kisha anasema ni lini na kwa njia gani atalipa alichoharibu. Wengi hukwama kwenye sentensi ya kwanza, nasi tunasubiri.

Mama wa Wawili
Naomba walimu wavumilie neno la mzazi. Binti yangu alikiri kwa hiari kwamba alinakili majibu ya jaribio la hesabu, na kesho yake jambo hilo likatangazwa mstarini mbele ya shule nzima. Tangu hapo, ukimuuliza lolote, hata sukari imekwenda wapi, jibu ni "sijui". Mtoto hupiga hesabu, jamani. Kweli ikimgharimu kuliko uongo, atachagua kilicho rahisi.

Mwalimu wa Zamu
Dada, nimelisoma neno lako mara mbili. Zile karatasi nilizisoma peke yangu ofisini, lakini kioo kiliwekwa mchana kweupe, shule nzima ikipita, na sikuwauliza wavulana wale kama wangependa iwe hivyo. Jumatatu nitawaita niwaulize, nami nitaanza na "nilikosea".