Ushauri: kwenda kujitolea Ujerumani, wakala anataka milioni na nusu

Binti_Genge: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nina miaka 27, niko Moshi, nina diploma ya ustawi wa jamii. Ajira hakuna, namsaidia mama gengeni. Kuna kaka kaniletea habari za kujitolea Ujerumani mwaka mzima, kula na kulala bure, ila nimpe milioni moja na nusu ya "kushikilia nafasi". Mama yuko tayari kuuza ng'ombe. Haya mambo yapo kweli? Na Kijerumani sijui hata salamu.

Mzee wa Kihesa: Ng'ombe abaki zizini. Hela ya kushikilia nafasi ukishaitoa, hata huyo kaka hutamshika.

Nilirudi: Dada, yapo, nilienda mwenyewe. Programu inaitwa weltwärts, fedha zinatoka wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ilianza 2008 kwa kuleta vijana wao huku, baadaye na sisi tukafunguliwa mlango. Huombi ubalozini wala kwa wakala. Unaomba kwa shirika la hapa nyumbani lenye mwenzake kule, na hao ndio wanaokufanyia usaili. Anzia kwenye dayosisi zenye urafiki na makanisa ya kule, kisha asasi za vijana na mazingira. Umri ni 18 hadi 28, kwa hiyo wewe uko ukingoni, usilale. Nauli, bima, malazi na posho ni juu yao. Ya kwako ni pasipoti, 150,000 pale Uhamiaji, na kuanza lugha mapema.

Mimi walinipeleka nyumba ya wazee. Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza totoro, namvalisha bibi soksi zile za kubana miguu, ngumu kama kuvalisha tairi. Hizo soksi ni "Strümpfe". Mimi natamka "shitrumfe", bibi anacheka mpaka anakohoa, ananirudisha: tena! Yule bibi alinifundisha kuliko kozi.

Kamanda wa Meza: Yaani mwaka mzima unavalisha wazee wa watu soksi bila mshahara? Huo si utumwa?

Nilirudi: Mkuu, ni kujitolea, sikudanganywa. Kosa langu lilikuwa kutowaeleza nyumbani kwamba ile ni posho. Mwezi wa pili tu mjomba akataka hela ya bati. Niliogopa kupokea simu.

Binti_Genge: Na ukimaliza, unabaki?

Nilirudi: Unarudi, ndiyo makubaliano. Mwenzangu alirudi, akasoma lugha hadi B1, yaani ngazi ya kati, akaomba mafunzo ya uuguzi kwa viza nyingine kabisa.

Binti_Genge: Asanteni sana. Nimemuuliza yule kaka jina la shirika la huku analofanya nalo kazi. Kasoma ujumbe tangu juzi, kimya. Mama naye anasema ng'ombe mwenyewe ana mimba.