Makala ya redio kuhusu sauti za wanyama: tumsikie mnyama au mtangazaji?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Juzi nimesikiliza makala ya redio ya dakika nne kuhusu tembo. Tembo mwenyewe kapewa sekunde tano, tena gitaa linapigwa juu yake. Imeniuma, maana habari yenyewe ni kubwa: watafiti walichambua miito 469 ya tembo wa Kenya, wengi wa Amboseli na Samburu, iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022. Mwaka 2024 wakatangaza kwamba huenda tembo wanaitana kwa kitu kinachofanana na majina. Yaani habari inahusu mwito, na mwito hatukuusikia! Msimamo wangu: mnyama aanze, mtangazaji anyamaze, msikilizaji ajiulize nani huyo na anamwita nani. Hapo ndipo mtu anapoongeza sauti ya redio. Mnaonaje?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, nakupinga kidogo. Mlio mtupu haumshiki mtu. Chukua tumbili wa Amboseli. Tangu utafiti wa 1980 inajulikana wana mlio wa chui, wa tai na wa nyoka. Ukinipigia yote mitatu bila neno, nitasikia tumbili wanapiga kelele, basi. Lakini niambie kwanza: wakisikia wa chui wanapanda mtini, wa tai wanatazama angani, wa nyoka wanasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Kisha nipigie mmoja, unyamaze. Mimi mwenyewe nitachungulia chini ya kiti.

Mleta mada: Nalikubali bila kinyongo. Ila usiniambie ni mlio upi. Niache nibahatishe, ndipo unijibu.

Mchangiaji wa 2: Mimi kazi yangu ni kuhariri sauti. Mngurumo wa tembo una sehemu iliyo chini ya hezi 20, sikio la binadamu haliipati. Hata iliyo juu kidogo ya hapo, spika ya simu haiitoi. Ukiirusha ilivyo, mama aliye jikoni na redio yake ndogo atadhani betri zimeisha. Inabidi uharakishe rekodi ndipo sauti ipande. Je, huo si uongo?

Mchangiaji wa 3: Ni uongo usiposema. "Hii tumeiharakisha mara tatu ili uisikie." Sentensi moja tu, na yenyewe ni habari tosha: tembo wanaweza kuzungumza mbele yako nawe usisikie kitu. Kinachonikera mimi ni kile kichwa cha habari, "Tembo wana majina." Programu ya kompyuta ilimtambua tembo anayeitwa katika asilimia 27.5 ya miito. Kwa kubahatisha ingepata kama 8. Tofauti ni kubwa, lakini haitoshi kusema tumepata daftari la mahudhurio. Na mtangazaji akishamtilia tembo maneno, "mwanangu njoo huku", mimi nazima.

Mleta mada: Kwenye kutilia maneno tuko pamoja. Lakini sikiliza utamu ulioachwa. Tembo 17 walipigiwa rekodi kwa spika porini, mara mwito uliokusudiwa kwao, mara uliokusudiwa kwa mwingine. Wakisikia wa kwao walielekea kwenye spika upesi zaidi, na kuitika upesi zaidi. Hiyo ndiyo makala! Niweke pale majanini, spika imewashwa, kimya, kisha nisikie tembo akiitika. Asilimia nitazisikiliza baadaye, tena kwa hamu.

Mchangiaji wa 4: Mmesahau kwamba binadamu naye yumo. Mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, Wahadzabe kule upande wa Ziwa Eyasi humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa "brrr" ya ulimi inayoishia na mguno. Matokeo yaliyotoka 2023 yanaonyesha mlembe wa Tanzania huitikia mluzi wa Wahadzabe kuliko mwito wa Wayao, na wa Niassa kinyume chake. Mluzi upigwe, ndege ajibu, nyuki wasikike, shoka ligonge mti. Hapo mtangazaji aongeze nini?

Mleta mada: Aseme tuko wapi na mpiga mluzi ni nani, kwa jina lake na kwa sauti yake mwenyewe. Mchangiaji wa 2, wewe wa mitambo, tuambie: kimya cha sekunde ngapi redioni kinavumilika kabla watu hawajabadili stesheni?

Mchangiaji wa 2: Nimewahi kuacha sita. Bosi aliniita. Wasikilizaji walipiga simu wakiomba kirudiwe.