Mrejesho: pa kulala kabla na baada ya ziara ya Uingereza

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nilale wapi London siku 2 kabla ya ziara ya kuongozwa, na wapi usiku wa mwisho. Nilifuata ushauri wa kulala Paddington, eneo la London: kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow kwa treni ya Elizabeth line ni kama nusu saa, hubadilishi treni. Kosa langu ni kuangalia bei tu. Chumba ghorofa ya nne, lifti hakuna, ngazi nyembamba kama za mnarani. Begi la kilo 23 nililipandisha nikilisukuma kwa goti.

Ziara iliishia York, mji wa kaskazini mwa Uingereza, nikalala hukohuko. Asubuhi nikatembea juu ya ukuta wa kale, kimya kabisa, ndipo nikapanda treni ya kurudi London, stesheni ya King's Cross, mwendo wa kama saa mbili. Aliyenishauri York, soda yako ipo.