Shingo ya baba haishiki kichwa: ni misuli au ni pingili?

Binti wa Pangani:
Shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 63, na mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, ule uliompata Stephen Hawking. Ulianzia mkono wa kulia, akawa hawezi kufunga vifungo vya shati, na sasa umefika shingoni. Akiamka kichwa kiko sawa, lakini ikifika adhuhuri kidevu kimegusa kifua, na wakati wa kula hujishika paji la uso kwa kiganja. Kola ya sponji tuliyomnunulia anasema inamkaba. Jirani anasisitiza kwamba pingili zimelegea na kwamba yupo kinyozi hodari wa kuzinyoosha. Tutajuaje tatizo liko wapi?

Fizio wa Zamu:
Pole kwa kuuguza, dada. Kinyozi asimguse kabisa, kwa sababu shingo isiyo na misuli ya kuilinda haistahimili kuzungushwa kwa nguvu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na kinachokizuia kisianguke mbele ni misuli ya kisogo. Katika ugonjwa wa baba misuli hiyo hunyauka kwa kuwa neva zinazoiamrisha zinakufa, ilhali pingili zenyewe kwa kawaida haziachii. Pingili zikilegea au zikichakaa, kinachohofiwa ni kubanwa kwa ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayopita ndani ya pingili: mikono hufa ganzi, mtu huhisi kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni anapoinama, miguu hukakamaa, na mkojo huweza kuziba. Ugonjwa wa baba kwa kawaida hauondoi hisia, kwa hiyo ganzi mpya msiseme ni ugonjwa uleule umesonga. Ikitokea, ombeni MRI ya shingo, yaani picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku.

Sponji haitamfaa, kwani kidevu huzama ndani yake. Tafuteni kola ya fremu nyepesi iliyo wazi mbele ya koo, na avae kwa vipindi.

Mjukuu wa Ukerewe:
Naomba niulize jambo moja. Bibi yangu naye alikuwa mzima asubuhi, jioni kichwa na kope vinaanguka, na tukahangaika na picha za mifupa kwa miezi. Kumbe ilikuwa miasthenia, ambayo kingamwili huzuia neva isiwasiliane na msuli. Ilionekana kwenye damu, na vidonge vya piridostigmini vilimsaidia. Je, baba alipimwa hilo?

Binti wa Pangani:
Alipimwa, ndugu yangu, na haikuonekana. Kope zake haziporomoki, ila ulimi umepungua na unachezacheza ukiwa umetulia mdomoni. Ganzi hana. Ila sasa halali bila mito mitatu, na huamka kichwa kinamuuma.

Fizio wa Zamu:
Hilo la mito linanitia wasiwasi kuliko shingo. Neva ya kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni, na misuli ya shingo ikidhoofika, mara nyingi pumzi nayo imeshaanza kupungua. Kuumwa kichwa asubuhi huweza kumaanisha kwamba hewa chafu inabaki mwilini usiku. Msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni leo apimwe nguvu ya mapafu, na msikubali aishie kupewa oksijeni peke yake, maana huenda akahitaji mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Njiani aketi kiti cha mbele kilicholazwa kidogo nyuma, na taulo lililokunjwa kila upande wa shingo, kwa sababu breki ya ghafla itamtupa kichwa mbele.