Tupeane uzoefu: zamu yako ya wikendi hospitalini wakati wa kafyu ya korona ilikuwaje?

Sista wa Likoni
Leo nilikuwa napekua bahasha nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, ikatoka ile barua. Mnaijua. Muhuri wa hospitali, jina, namba ya kitambulisho, aruhusiwe kupita. Imekatika kwenye mikunjo kwa kukunjuliwa kila siku mbele ya tochi. Nimekaa chini nayo.

Jumamosi zangu za Mei 2020 zilikuwa hivi. Daku, swala, foleni ya feri alfajiri, kipima joto kwenye paji. Wadini wagonjwa ishirini na wawili, wauguzi wawili, kwa sababu wenzetu wengine wako karantini. Nguo ya kujikinga ni moja kwa zamu nzima, ukiivua umeimaliza, kwa hivyo hata asiyefunga hanywi maji. Saumu haikunishinda. Lililonishinda ni lile joto la plastiki. Na jioni ukichelewa kukabidhi nusu saa tu, umebaki kisiwani Mombasa. Tangu ile Ijumaa ya kwanza ya kafyu, Machi 27, watu walipopigwa mabomu ya machozi pale kivukoni, mume wangu aliniambia bora nilale kazini. Nimelala Jumamosi nne kwenye benchi la kliniki ya wajawazito. Jumapili naamka hapo hapo, naosha uso, naanza tena.

Nyinyi je?

Binti Msambweni
Benchi! Sisi tulipokezana kitanda cha kupimia wagonjwa.

Kliniko wa Kasarani
Mimi nikisikia "Jumamosi" na "kafyu" kichwani inakuja moja tu: Thika Road, 17 Aprili 2021. Saa mbili ilipogonga polisi wakafunga barabara. Nilikuwa kwenye matatu naelekea zamu ya usiku. Nyuma yetu ambulensi ililia mpaka dereva akazima king'ora mwenyewe, hakuna pa kuisogeza. Mwenzangu niliyekuwa nikampokee ameshinda wadini tangu asubuhi, akanipigia: mtungi wa oksijeni unaisha, wa akiba upo, spana ya kuufungulia haipo. Nilikuwa nimeificha mimi! Tulikuwa tunaibiwa spana kila wiki. Nikamwambia droo ya chini, chini ya chati za zamani. Nikamsikia anavuta droo, anamwaga makaratasi, anahema, mimi huku simu imebaki na chaji kidogo. Akaipata. Nikashuka nikatembea. Nilifika karibu saa sita, hakunisalimu, alinikumbatia tu akaondoka.

Juma Githurai
Nilikuwa kwenye hiyo foleni! Wa gari la mbele yetu alikuwa na mtoto mchanga, tulichangisha maji.

Wanjiru K
Hata mimi. Mguu ulivimba.

Juma Githurai
Wanjiru ulikuwa upande gani?

Sista wa Likoni
Ndugu zangu, hadithi za foleni zina mahali pake. Tuzungumze zamu.

Mwana Tanga
Poleni majirani. Sisi huku hatukufungiwa. Zamu kama kawaida, nyungu asubuhi na jioni, malimao, tangawizi, kazi inaendelea.

Binti Msambweni
Wewe ulikuwa wodini au ulikuwa sokoni?

Mwana Tanga
Maabara, hospitali ya wilaya. Na nisome vizuri dada: nimesema hatukufungiwa. Sikusema hatukufiwa.

Binti Msambweni
Samahani. Pole kaka.

Mhudumu Wadi Nne
Sijawahi kuandika hapa. Mimi si sista, nilikuwa kibarua wa usafi. Wageni walipokatazwa, chakula kikawa kinaachwa getini na sisi vibarua ndio tunakipandisha. Kila hotpoti ina plasta, jina limeandikwa kwa kalamu. Baada ya wiki mbili niliwajua watu kwa vyakula vyao kabla ya sura.

Kulikuwa na kijana wa Kisauni. Kila siku saa nane, uji wa pilipili manga wa mamake. Yeye mwenyewe amefunga, midomo imekauka, lakini haondoki mpaka aulize: "Leo amemaliza?" Nikimwambia amemaliza, anashukuru Mungu. Nikimwambia ameacha kidogo, anainama. Ripoti nyingine hakuwa nayo.

Jumapili mamake alifariki saa tano asubuhi. Walipiga simu yake haikupatikana. Saa nane nikaitwa getini, nikashuka nikidhani amekuja kwa habari ya maiti. Akaninyooshea hotpoti. "Leo nimeongeza sukari, jana alilalamika."

Nikaipokea. Nilisema, "Kaa hapo kivulini, daktari anakuja." Sauti yangu sikuijua. Nikapanda ngazi nayo, moto wake nausikia tumboni. Daktari alikuwa ndani na wagonjwa, mpaka amalize, mpaka avue zile nguo kwa utaratibu wake. Dakika arubaini. Kwenye dirisha la ngazi nilikuwa namwona chini. Alikuwa anazungumza na bawabu, wanacheka.

Binti Msambweni
Ya Allah.

Msema Kweli 254
Samahani, lakini ulipaswa kumwambia. Mtu ana haki ya kujua mamake amekufa.

Mzee wa Geti
Kibarua atangaze kifo? Kwa cheo gani? Angefukuzwa siku hiyo hiyo. Mimi nimekaa geti miaka kumi na tisa. Zile dakika arubaini kijana alikuwa bado ana mama. Mwacheni dada.

Msema Kweli 254
Mzee hiyo ni huruma ya uongo.

Kliniko wa Kasarani
Lawama ni yetu tuliosomea kazi hii. Simu isipopatikana unamwachia bawabu ujumbe kwamba mtu huyu akija asipokelewe chakula, aitwe ndani. Hatukuwa na akili hiyo wakati ule, tulikuwa tunakimbizana na mitungi. Dada, nisamehe kwa niaba yetu.

Sista wa Likoni
Mdogo wangu, mtafute yule kijana umweleze. Utapumua.

Wanjiru K
Usimtafute! Atakuwa ameshafunga kidonda.

Mwana Tanga
Msomee yule mama dua. Inatosha.

Sista wa Likoni
Basi njoo Likoni nikupikie uji wa pilipili manga, sukari utie mwenyewe.

Juma Githurai
Na ile hotpoti?

Mhudumu Wadi Nne
Hakuirudia. Mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo, watu 15 tu kama mnavyokumbuka. Jumatatu niliiosha, plasta ikang'oka na jina lake. Ikabaki jikoni mwa wadi, watu wa zamu ya usiku wakawa wanatilia chai. Mkataba wangu ulipokwisha niliiacha pale. Ni ya buluu, kifuniko kina ua.