Mnaosambaza ile video ya "kuvaa kilti kama Mskoti halisi", mnawaumiza watu!

Wakuu, habari zenu. Nimenyamaza muda mrefu, lakini msimu huu wa harusi umenishinda.

Kuna video ya Kiswahili inazunguka kwenye magrupu ya Watanzania na Wakenya walioko Uingereza. Jamaa amesimama mbele ya kioo anafundisha jinsi ya kuvaa kilti, ile sketi ya sufu yenye marinda wanayovaa wanaume wa Kiskoti, anaongea kwa kujiamini utadhani kazaliwa Inverness kule Uskoti. Karibu kila anachosema ni uongo. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kukodisha mavazi ya Kiskoti hapa Glasgow. Nawapima watu, nawavisha, na nguo zikirudi ndiye nazikagua. Kwa hiyo uharibifu wa ushauri huo unaishia mezani kwangu.

Juzi kijana wetu mmoja karudisha kilti imechanika chini upande wa kulia, pale pini inapokaa. Tundu la kupitisha kidole, nyuzi za sufu zimechomoka, mstari wa njano wa tartani (ule mchoro wa mirabaraba ya rangi kwenye kitambaa) umekatika katikati. Nikamuuliza, pini uliipitisha wapi? Akanionyesha simu. Video inamwambia abane pande la juu na pande la chini pamoja "ili upepo usimuaibishe". Akafanya hivyo hivyo. Alipoketi kwenye gari ya kwenda kanisani mapande mawili yakavutana, pini ikala kitambaa. Amana yake imekwenda yote, na ni mtu anayefanya kazi za usiku. Nani atamrudishia? Wewe wa kioo?

Basi sikilizeni. Mbele ya kilti kuna mapande mawili bapa yanayopishana, na lile la juu linaishia kulia kwako. Yanatakiwa yateleze, kila moja na lake, unapotembea na unapokaa. Pini inachomwa kwenye pande la juu PEKE YAKE, karibu na pembe ya chini. Ni urembo na uzito kidogo wa kulituliza hilo pande. Haijawahi kuwa kufuli.

La pili ndilo linalowaharibia wengi zaidi: eti kilti "inakaa nyongani kama jinzi". Hapana! Kilti inavaliwa kiunoni, usawa wa kitovu au juu yake kidogo. Kilti ya kushonwa kwa mkono inakula mita 7 na zaidi za sufu, na karibu zote ziko kwenye marinda ya nyuma. Fundi anayashona marinda hayo kuanzia kiunoni hadi mahali makalio yanapokuwa mapana, akiyapunguza taratibu yafuate umbo la mgongo wa mtu. Ukiishusha, ule mshono unahamia mahali pasipo pake, marinda yanafumuka nyuma, na pindo linakufika kwenye ugoko. Pindo linatakiwa liishie katikati ya goti. Piga magoti sakafuni: likilala chini, umeivaa chini mno.

Halafu bizimu. Ndugu zangu wa pwani mmezoea msuli, unaukunja na kuuviringisha hapo kiunoni, ukilegea unaukaza tena. Kilti haiendi hivyo. Pande la chini lina mkanda mdogo wa ngozi unaopita kwenye tundu lililoachwa kiunoni upande wa kushoto, unatokea nje, unafungwa kwenye bizimu yake. Ndipo pande la juu linafuata na kufungwa kulia. Jamaa kwenye video hata hilo tundu hajaliona, mkanda wa kushoto kauacha unaning'inia kwa ndani. Kilti nzima anaishikilia kwa mkono huku anatoa somo. Na watu wameipenda kwa maelfu.

Marinda ni nyuma. Sikutegemea kwamba ningelazimika kuandika hilo, lakini nimeletewa picha ya wasimamizi wa harusi wamesimama na bwana harusi wao, marinda yote mbele, sehemu bapa imekaa makalioni. Wazazi wa bibi harusi ni Waskoti. Picha hiyo ndiyo itakayotundikwa ukutani.

Sasa hili la chupi. Video inasema "ni LAZIMA" uende bila kitu ndani, la sivyo Waskoti watakucheka. Huu ndio upotoshaji ulionikera kuliko wote. Mwaka 2010 aliyekuwa mkurugenzi wa Scottish Tartans Authority, chama cha Uskoti kinachoshughulikia tartani, alisema hadharani kwamba kuvaa bila chupi ni utoto na ni uchafu. Nguo ya kukodi leo uko nayo wewe, wiki ijayo anaivaa mwenzako! Na jioni ya harusi kuna ngoma za ceilidh, watu wanashikana mikono na kuzungushwa kwa kasi, marinda yanapaa, watoto na bibi zao wamekaa pembeni wanatazama. Unamshauri vipi mtu aliyelelewa kwa heshima zake ajiweke kwenye hali hiyo, tena kwa kumtisha kwamba asipofanya hivyo hajakamilika? Wapo Waskoti wanaoenda bila kitu, hiari yao. Vaa chupi yako, ya rangi ya giza, na huna wa kumuomba ruhusa.

Kilichonifanya nifungue uzi huu lakini ni sehemu ya mwisho. Jamaa anasema mtu mweusi asivae tartani ya ukoo wowote, avae nyeusi tupu, kwa sababu tartani "zina wenyewe kisheria" na anaweza kushtakiwa. UONGO. Hakuna sheria Uskoti inayokukataza kuvaa tartani kwa sababu ya jina lako au rangi yako. Kuna daftari rasmi la serikali, Scottish Register of Tartans, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kufunguliwa 2009. Kazi yake ni kuhifadhi michoro, haikamati mtu. Zipo tartani chache ambazo kwa desturi zimewekewa mipaka, kama Balmoral ya familia ya kifalme, na hiyo dukani huikuti. Black Watch na Royal Stewart zinavaliwa na watu wa kila jina. Tena huo mpangilio wa kila ukoo na tartani yake ulishika kasi baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822, ziara iliyoandaliwa na mwandishi Walter Scott.

Kuna watoto wetu waliozaliwa hapa Glasgow, wanaongea lafudhi ya hapa hapa, wanaimba kwenye kwaya za shule zao wakiwa ndani ya kilti. Halafu mtu mzima anawaambia kwa Kiswahili, lugha ya mama zao, kwamba vazi hilo si lao. Jumamosi iliyopita mama mmoja alinong'ona kaunta, "Dada, huyu mwanangu hatapata matatizo?" Mtoto amesimama pale anasikia. Nilitamani aliyetengeneza video angekuwepo amjibu yeye.

Na kile kisu kidogo cha kwenye soksi, sgian dubh. Ukiwa umevaa vazi kamili, sheria ya Uskoti ya mwaka 1995 inakubali vazi la taifa kuwa sababu ya kuwa nacho hadharani. Basi jamaa akaigeuza ikawa "unaruhusiwa kupanda nacho ndege". Hapana jamani! Kiwanja cha ndege kina masharti yake. Kinaenda kwenye begi la mizigo, usikiingize kwenye begi la mkononi, mtanyang'anywa na kuhojiwa safari ikiwapita. Maduka mengi hutoa cha plastiki, chukueni hicho. Kinakaa soksi ya kulia kama unatumia mkono wa kulia.

Mengine kwa haraka. Soksi zinakunjwa vidole vitatu hivi chini ya goti, na vile vitambaa vya rangi vinaning'inia upande wa nje. Sporani, kile kipochi cha kuning'inia, inakaa mbele katikati, kiganja kimoja chini ya kiuno, haifiki mapajani. Ukivaa kisibau, mkanda mpana wa kiunoni acha. Kamba za viatu zinazungushwa juu kidogo ya kifundo cha mguu na kufungwa hapo. Kuzipandisha hadi gotini kama kwenye video ni kujitafutia miguu kufa ganzi.

Wewe uliyetengeneza video, nimekuandikia ujumbe na umenifungia. Ifute. Na nyinyi maadmini wa magrupu, mkiiona imetumwa tena iondoeni mara moja, msisubiri mpaka mtu mwingine apoteze amana yake.

Mwenye harusi wiki hii aseme hapa chini, aniambie ni koti gani amepewa na aweke picha ya jinsi alivyofunga. Nikitoka zamu usiku nitamjibu kila mmoja.