Madaktari tarajali wa Dar, mfumo wa hospitali mlifundishwa na nani? Tupeane uzoefu

Habari za zamu, wakuu. Miaka 5 ya udaktari nilifundishwa kusikiliza moyo, kushona, kuzalisha. Mfumo wa kompyuta nilikutana nao siku ya kwanza ya utarajali, wodi ya watoto. Kompyuta moja, kibodi yake herufi zimefutika. Bingwa anaitaka, nesi anaitaka, na mimi nimeshika kichupa cha damu ya mtoto mwenye degedege, bado ina joto. Bila oda kwenye mfumo, maabara hawaipokei. Nesi mmoja mtu mzima akaniona nimeganda. "Anza na namba ya faili, mwanangu, majina yanafanana. Halafu vipimo." Huyo ndiye mwalimu wangu mpaka leo. Nyie je?

Mzaramo wa Mbagala: Kwangu shida ilikuwa paswadi. Wiki 6 natumia ya mwenzangu. Dawa naandika mimi, jina linasoma lake. Usiku mmoja mfamasia ana shaka na dozi ya gentamisini ya mtoto wa kilo 9, akampigia aliyeonekana kwenye mfumo. Yule yuko kwao amelala, mtoto hamjui. Dozi ilikuwa juu kweli, nilikosea mimi. Mfamasia alikataa kuitoa hadi aliponipata. Jamani, daini paswadi yenu siku ile ile mnayoripoti. Nikikumbuka usiku ule bado natetemeka.

ZamuYaUsiku: Umeme ukikatika tunarudi kwenye karatasi. Asubuhi, macho mazito, unaingiza wodi nzima upya. Hilo nalo halikufundishwa popote.

Mkutubi Mstaafu: Wanangu, na kwenye kusoma msihangaike na bando. Kuna HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani tangu 2002, unaofungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Taasisi ndiyo inayosajiliwa, si mtu mmoja mmoja, kwa hiyo ulizeni hospitalini kwenu nani anashika paswadi. Mara nyingi ipo, imelala kwenye droo ya mtu.

Mleta mada: Shikamoo mzee, nitauliza kesho asubuhi. Jumatatu tunapokea watarajali wapya 4. Paswadi zao nimeshaziomba, na yule nesi amekubali kukaa nao nusu saa kabla ya raundi.